Wifi Yangu, Mnusa Taulo

Kazi ya wifi yangu ni kunusa taulo. Cheka kwanza, ukimaliza nitaendelea, maana hata mimi nilicheka siku kaka yangu alipomleta nyumbani akasema, "Huyu ndiye mchumba wangu, anafanya kazi ya kunusa." Nikamuuliza kama anaoa mke au mbwa wa polisi. Mdomo wangu hauna mlango, na wifi alilijua hilo siku hiyohiyo. Badala ya kununa, alinisogelea, akavuta pumzi mara moja, akamwambia kaka, "Dada yako anafuga kuku. Na mmoja anaumwa." Kesho yake tetea wangu mmoja akafa. Tangu hapo tukamwita Pua.

Pua hakusomea kunusa, alizaliwa nako. Alipokuwa mdogo mama yake alimtumia kupima maziwa. Akinusa sufuria asubuhi na kusema "haya hayafiki mchana," hayafiki. Alipomaliza shule alikwenda kiwanda cha sabuni kuomba kazi ya kufunga maboksi. Mkemia wa pale alikuwa anapita na vichupa vitano mkononi, akamtania, "Haya binti, kipi ni tofauti?" Pua akanusa vyote. "Hiki," akasema, "kimefungwa na mtu aliyekula kitunguu." Hakufunga boksi hata moja.

Sasa nieleze kazi yenyewe, ujue kwa nini nyongo inanipanda nikiitaja. Kiwanda kile kinatengeneza maji ya kulainishia nguo, yale ya kumimina unaposuuza mara ya mwisho. Zamani harufu yake iliisha nguo ikishakauka, na haikumdhuru mtu. Wakubwa wakaona haitoshi. Wakaanza kufungia manukato ndani ya vidonge vya plastiki, vidogo kiasi kwamba kijiko kimoja cha chai kina mamilioni, macho hayavioni. Vinanasa kwenye nyuzi na kukaa kimya. Ukijikuna, ukikaa, ukimkumbatia mtu, vinapasuka, na harufu inatoka upya kana kwamba umefua sasa hivi. Vidonge vya namna hiyohiyo wenzake Pua wa chumba cha pili wanavijaza ladha ya mnanaa na kuvitia kwenye dawa ya meno, vipasuke ukipiga mswaki. Yaani mtu anavaa plastiki, anatafuna plastiki, na bado anashukuru! Ptuu! Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa, nasi tukadhani ni methali tu.

Nilikwenda kumwona kazini mara moja, na mara moja ilinitosha. Kuta nyeupe, madirisha yasiyofunguka, meza sita, na rafu za taulo zilizokunjwa na kuandikwa tarehe: za jana, za wiki, za mwezi. Anachukua taulo, anainusa ikiwa imetulia. Anaisugua mara tatu kwa viganja, anainusa tena, anatia alama. Fomu ina nafasi tatu: inanukia kidogo, inanukia kiasi, inanukia sana.

"Na ikinuka unaandika wapi?" nikamuuliza.

"Wifi, humu ndani hakuna kunuka," akacheka.

Kila baada ya taulo tano alikunja mkono akazamisha pua upande wa ndani wa kiwiko chake. Ndivyo wanusaji wanavyopumzisha pua, aliniambia. Wanarudi kwenye ngozi yao wenyewe, halafu wanaanza tena.

Mimba yake ilipofika miezi saba alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda karibu na banda la kuku. Nikajua kuna jambo, maana banda langu halikaliwi kwa starehe.

"Wifi, kiwiko changu kimeisha," akasema.

"Kimeisha vipi?"

"Nikikinusa napata taulo."

Nilimshika mkono nikanusa. Mungu wangu! Maua yasiyoota popote duniani, sukari, na kitu kama ndoo mpya ya plastiki iliyoachwa juani, vyote vinatoka kwenye ngozi ya mwanamke mjamzito. Nilisikia kinyaa mpaka nywele za shingo zikasimama. Mimi kinyesi cha kuku nakizoa kwa koleo kila asubuhi na sijawahi kukunja uso, lakini mkono ule niliuachia haraka kama niliyeshika konokono. Nikamwambia aache kazi. Akasema ataacha mtoto akikaribia. Akanusa taulo mpaka mwezi wa tisa.

Akajifungua salama, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Siku mbili walizokaa zahanati mtoto alinyonya kama aliyeambiwa maziwa yanakwisha, na muuguzi akamsifu. Siku ya tatu wakarudi nyumbani, wakanikuta nimeshafika kumhudumia mzazi. Hapo ndipo nilipofanya ujuaji wangu.

Nyumba ile ilinikaba koo. Kila mwezi Pua alipewa chupa za bure kazini, kwa hiyo mapazia yananukia, mashuka yananukia, hata kitambaa cha kushikia sufuria kinanukia. Ukikaa kwenye kiti, kiti kinakupulizia. Nikasema hapana, mtoto wa kaka yangu halelewi humu. Nikawasha jiko la uani, nikachemsha kila nguo kwa sabuni ya kipande, yale magauni mawili aliyovaa zahanati nikayachemsha mara tatu. Pua mwenyewe nilimkalisha kwenye beseni, nikamsugua kwa dodoki mpaka akalalamika, nikamwosha na nywele. Koti lake la kazini, lililoshinda vyote kwa uchafu wa kunukia, nililitia kwenye mfuko, nikafunga mafundo mawili, nikalitupa pipani.

"Dada, na mimi utanichemsha?" kaka yangu akauliza mlangoni.

"Panga foleni," nikamjibu.

Jioni nyumba ilikuwa na harufu ya mvuke tu, nami nikajipongeza. Mtoto akagoma kunyonya.

Tukasema labda amechoka. Usiku akagoma, asubuhi akagoma. Anapelekwa kifuani, anageuza kichwa huku na huku, mdomo wazi, anatafuta, chuchu iko hapo hapo shavuni, anailia. Matiti ya mama yake yamekuwa magumu, maziwa yanalowesha gauni. Tukamkamulia kwenye kijiko, akayatema. Siku ya tano tukampeleka zahanati, mzani ukasoma kilo mbili na gramu mia nane. Sauti ya kilio ilikuwa imekonda pia.

Muuguzi akamkagua mdomo, hakuona kidonda. "Asiponyonya leo, kesho asubuhi tunamlaza, tutampitishia mpira puani maziwa yafike tumboni," akasema. "Kuna kitu mmebadilisha nyumbani?"

Nikajibu kabla Pua hajafungua kinywa. "Hakuna."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nimewapigia watu wengi usoni. Siku ile nilikuwa nahisi kitu, lakini ningesemaje mbele ya muuguzi kwamba mimi, niliyekuja kusaidia, ndiye niliyeharibu?

Tuliporudi Pua alikaa kitandani na mtoto, akaacha kubembeleza. Akawa anamtazama tu, kwa jicho lile la kazini. Kichwa kushoto, kichwa kulia, vitundu vya pua vinacheza.

"Wifi," akasema, "ananinusa."

"Mtoto wa siku tano?"

"Ananitafuta, hanipati. Koti langu la kazini liko wapi?"

"Nimelitupa."

"Wapi?"

"Pua, utampaka mtoto wetu uchafu ule? Plastiki? Bora huo mpira wa puani!"

Hakuwahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakupandisha. "Mtoto wangu ana njaa," alisema. "Amekaa tumboni miezi tisa, na kila nilichokivuta mimi amekionja. Ile harufu ndiyo mama yake. Huyu uliyemwosha wewe hamjui."

Nilitoka nje, nikashukuru gari la taka halijapita, nikainama pipani. Nikachakura maganda, majivu na nepi mpaka nikaupata mfuko. Mafundo nilikuwa nimeyakaza mwenyewe kwa jeuri yangu, nikayafungua kwa meno. Harufu ikanipiga usoni, nikashika ukuta, nikatapika. Majirani waliona. Na waone.

Nilipoingia, Pua alikuwa amemweka mtoto tayari kifuani, mikono yote miwili imejaa. Akainamisha bega nilitandaze koti juu yake.

"Sugua," akasema.

"Mimi?"

"Kwa viganja. Mara tatu."

Nikasugua. Yale maua ya uongo yakajaa chumba. Mtoto alikuwa katikati ya kilio, akakikata. Vitundu vya pua yake, vidogo kama punje za dengu, vikatanuka. Akageuka, akafungua mdomo, akadaka chuchu, na nikasikia kabisa maziwa yanavyoshuka kooni, gubu, gubu. Pua akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Nami nililia, lakini sitasema uongo, nililia kwa hasira. Kwa dakika moja nilimchukia mtoto mchanga kwa kudanganyika hivyo. Kisha nikakumbuka nani aliyemlaza na njaa siku mbili, na chuki ikajua pa kwenda.

Mate yalinijaa mdomoni, nikayameza. Baada ya muda harufu ikafifia. Mtoto akaachia chuchu, akageuza kichwa huku na huku, akaanza kulia upya.

"Wifi," Pua alisema bila kunitazama, "sugua tena."

Nikabana pumzi, nikasugua.