Nafasi ya Anaeli

Siku yangu ya kwanza katika masjala ya hospitali moja ya misheni, Sekei, nilimkuta Katibu wa Hospitali akipiga hesabu ubaoni. Ilikuwa miaka ile biashara huria iliporuhusiwa nchini, nasi tukapata kompyuta. Alizidisha watu wote wa mjini na wa miteremko ya Meru kwa mistari kumi kila mmoja, kisha akageuka.

"Megabaiti arobaini, dada. Hakuna hospitali itakayozijaza. Wajukuu zetu watazeeka nafasi ingali ipo."

Megabaiti ni kipimo cha nafasi ya diski, sahani ya chuma inayotunza maandishi ndani ya kompyuta. Ilipofanya kazi ilikwaruza, kama kucha mlangoni. Tukanakili humo kadi za karatasi za wagonjwa, kisha tukazichoma.

Katibu alihesabu watu; hakuhesabu maradhi. Miaka ile vijana walirudi wodini tena na tena, kila mara mistari ikiongezeka, kisha hawakurudi. Ili kuokoa nafasi tukaacha kuandika mwaka wa kuzaliwa. Baadaye, kila Ijumaa, Katibu akawa anafuta wafu.

Asubuhi moja ya ukungu bibi wa Kimeru alimleta mjukuu mwenye homa. Muuguzi alishika sindano ya penisilini, akisubiri tuthibitishe kwenye kompyuta kwamba haimdhuru mtoto.

"Anaeli," Katibu alitamka huku akiandika. "Hayumo."

"Naam," mtoto akaitika.

"Anaeli. Hayumo. Huyu nilimfuta na wafu."

"Naam."

Muuguzi akarudi nyuma.

"Si mzimu huyo, baba. Mguse," bibi alisema. "Aliyekufa ni babu yake. Kwetu mtoto wa kwanza hupewa jina la babu. Na dawa hiyo ilimvimbisha mtoto huyu koo mwaka jana, mkaandika humo."

Sindano ikawekwa chini. Ijumaa iliyopita Katibu alikuwa amewafuta Anaeli wote wawili, akidhani ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili.

Nilijaribu kumwandika upya. Diski ilikwaruza, ikakataa. Imejaa.

"Wafu wamekwisha," nikasema. "Waliobaki ni wazima."

Katibu akavuta kibodi kwake. Kisha akatafuta jina lake mwenyewe, na maandishi ya kisukari chake, akayafuta.

"Mwandike mtoto."

Sasa nimestaafu, naishi Kimandolu na mjukuu wangu. Juzi simu yake ilimhimiza ampongeze mama yake kwa siku ya kuzaliwa. Mama yake, binti yangu, tumeshamzika.

"Bibi, nimfute?"

"Mwache mpaka nafasi iishe."

"Haiishi, bibi," akasema, akaifunika simu kwa kanga.