Tawi Lililokatiza Ukurasa

Tobias alikuwa na ugonjwa mmoja ambao Tabora nzima iliujua: hakuweza kumwona mtu amekaa bure bila kumtwisha kitabu. Ulikwenda kumwomba kiberiti, ukarudi na kitabu cha nyota kwapani. Parokia ilimkabidhi ufunguo wa chumba cha kusomea miaka ile baada ya vita vya Hitla, askari waliporudi kutoka Burma wakiwa wameshazoea kusoma magazeti. Chumba chenyewe kilikuwa duka la zamani la Mwarabu karibu na soko, lenye mlango mzito wa kuchonga na kuta nene zilizotunza ubaridi. Vitabu vyake vilikuwa vya kila namna, na vingine mchwa walikuwa wamevionja pembeni.

Kitu kilichowaudhi watu ni kwamba Tobias hakumpa mtu kitabu alichokitaka. Polisi mmoja alikwenda kuomba kitabu cha sheria, apate kupanda cheo. Tobias akamtazama, akaona mtu mpweke, akampa kitabu cha kufuga kuku. Polisi alinung'unika mpaka mlangoni. Mwaka haujaisha alikuwa na kuku kushinda jirani zake wote wa Ipuli, na mke pia, maana huyo mke alianza kwa kuja kununua mayai. Imakulata, mke wa Nikolaus mrina asali, alidhani vitabu ni mambo ya mapadri. Akapewa kisa cha malkia aliyebishana na waganga wake, akakimaliza jikoni akicheka peke yake. Fundi cherehani alipewa kitabu cha mito ya nchi za mbali. Mwalimu wa hesabu alipewa cha mapishi, akakasirika, na mpaka leo watu wanasema pilau yake ndiyo iliyomwoza binti yake kwa watu wenye uwezo.

"Nenda na hiki," alikuwa akisema Tobias, na ukishasikia hivyo, kubishana ni kupoteza muda. Tuseme ukweli, alikuwa na majivuno. Alipenda mtu arudi amwambie, "Tobias, ulijuaje?" Lakini watu ni wazito wa shukrani. Walirudisha vitabu, wakaulizia hali ya hewa, wakaenda zao.

Ndiyo maana alimpenda yule mzee tangu siku ya kwanza.

Mzee alikuja alasiri moja ya kiangazi, wakati ambao soko lote huwa limesinzia. Kwanza Tobias alisikia kengele ndogo nje, akadhani ni mbuzi wa mtu. Kisha mlango ukawa na kivuli. Alikuwa mrefu, mkavu, amejifunga kaniki begani, na miguu yake ilikuwa na tope bichi mpaka kwenye vifundo. Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei.

"Shikamoo, babu," alisema Tobias.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia unawaonyesha watu pa kupita."

Tobias akacheka kwa kuona haya. Akamuuliza kama anajua kusoma.

"Mimi hutangulia tu," alisema mzee. "Wengine wanakuja nyuma."

Tobias aliyachukua maneno yale kuwa ni unyenyekevu wa kizee, akampa kitabu cha nyuki. Mzee alipoondoka, Tobias alichukua ufagio ili afute tope sakafuni. Sakafu ilikuwa kavu. Alisimama pale na ufagio wake, kisha akajisemea kwamba joto limemchanganya.

Baada ya siku chache kitabu kilikuwa juu ya meza, mlango ukiwa bado umefungwa kwa ufunguo. Ndani yake kulikuwa na kijitawi cha mninga chenye majani mabichi, kimelazwa kukatiza ukurasa, wakati ambapo mininga yote ya Tabora ilikuwa imeshapukutika. Tobias hakuliona tawi bichi. Aliona alama. Alikuwa amelelewa na mapadri tangu mdogo, na kwa mapadri utepe ukiwekwa katika kitabu cha misa maana yake ni moja tu: soma hapa. Basi hatimaye amepata msomaji, tena mtu mzima mwenye akili, aliyechagua ukurasa ulio bora na kumwonyesha. Alifurahi mpaka akasahau kujiuliza mzee aliingilia wapi.

Ukurasa ule ulieleza namna ya kutundika mizinga juu kabisa ya mti, nyegere asiifikie. Tobias akaacha tawi mahali pake, akampelekea Nikolaus.

"Anzia hapa," alimwambia. "Mtu anayejua vitabu kuliko mimi ndiye aliyeweka alama."

Nikolaus alikuwa mrina asali tangu ujana, na hakuwahi kupanda zaidi ya pale baba yake alipomfundisha. Safari hii alipanda. Walimkuta chini ya mti, uso umetazama juu, mzinga mpya ukining'inia kileleni bila nyuki hata mmoja. Tobias alikwenda mazishini, akalia kwa dhati, akarudi na kitabu chake. Tawi lilikuwa bado bichi.

Mzee aliendelea kuja. Ilitangulia kengele, kikafuata kivuli, kisha ile sauti ya chini isiyokuwa na haraka. Safari nyingine alichukua kitabu cha kuchimba visima, nacho kikarudi kama cha kwanza, na tawi likiwa limelazwa juu ya ukurasa wa kutafuta maji chini ya mchanga wa mto mkavu. Tobias akampa Damas, kijana hodari wa Itetemia aliyetaka kuwachimbia wazazi wake kisima. Mchanga ulimfunika Damas mpaka kichwani. Walimfukua akiwa hai, lakini tangu siku ile hakutamka neno. Ukimsalimu alikutazama tu, na ukitikisa kengele yoyote karibu naye aliziba masikio.

Hata hapo Tobias hakuunganisha mambo. Tusimcheke sana. Reli ilikuwa imeshaizika misafara ya wapagazi, na waliozijua alama za njia walikuwa wachache, wengi wao vikongwe wasioulizwa kitu na mtu yeyote.

Mvua zilipoanza, Josepha, binti yake wa pekee, alipata kazi ya kufundisha katika kijiji kimoja ng'ambo ya Urambo, mbali na reli. Angekwenda kwa lori la Mabruki, lililopeleka chumvi na nguo vijijini kwa kuifuata njia ya zamani ya misafara. Tobias alikuwa mjane, na Josepha ndiye kila kitu alichobaki nacho duniani. Asubuhi ya safari alimpa kitabu ambacho mzee alikirudisha wiki ile, kitabu kuhusu nchi, mito yake na mbuga zake.

"Kina alama ndani," alimwambia. "Ukifika njiani, fungua hapo. Kitakufaa."

Josepha akamwamkia, akampa mkono, akapanda. Lori likaondoka likipiga honi bila sababu, kama kawaida ya Mabruki.

Mchana Tobias aliendesha baiskeli mpaka Itetemia kumpelekea mama yake sukari. Bi Minza alikuwa barazani akibangua karanga. Ni yeye aliyemlea Josepha mama yake alipofariki. Tobias aliketi, akaanza kujisifia msomaji wake: mzee wa kaniki, mwenye adabu, asemaye kidogo, awekaye tawi kila anapopita.

Mikono ya Bi Minza ikaacha karanga.

"Tawi limelalaje?"

"Limekatiza ukurasa, mama. Hivi."

"Na kabla hajaingia, unasikia nini?"

"Kengele," alisema Tobias. "Kengele ya mbuzi."

Bi Minza alisukuma karanga pembeni. "Hiyo si ya mbuzi," alisema. "Baba yangu Lugembe alikuwa kirongozi wa misafara. Alitangulia mbele na kengele mguuni, wapagazi wanamfuata kwa mbali. Njia zikigawanyika, ile mbaya aliilazia tawi, liikatize, aliye nyuma alione asipite. Hiyo ndiyo kufunga njia. Mtoto mdogo wa wakati wetu aliijua. Alizikwa huko huko kwenye mbuga ya Urambo, bonde lile linalofurika masika, mwanangu. Maji yalimchukua akitafuta pa kuwavusha watu."

Tobias alimwona Nikolaus chini ya mti. Alimwona Damas akiziba masikio. Watu wale aliwapeleka kwa mkono wake mwenyewe, akawaambia anzieni hapa. Kisha akamwona Josepha na kitabu mapajani.

"Nimempa Josepha kimoja," alisema. "Leo."

Bi Minza alijifunika uso kwa kanga. Tobias alikuwa ameshapanda baiskeli.

Njia ya Urambo ilikuwa tope. Aliendesha, akaanguka, akasukuma, akaendesha tena. Miombo ilisimama kimya pande zote mbili, hakuna ndege, na ingawa mvua ilikuwa imekatika, miti ilikuwa ikidondosha maji. Mara kadhaa alisikia kengele mbele yake, pale pale njia inapopinda. Akipinda, hapakuwa na mtu. Alimwomba Mungu, kisha akajikuta anamwomba Lugembe, jambo ambalo mapadri wangemkemea, naye hakujali.

Jua lilikuwa limeinama alipomwona mtu anakuja kwa miguu, peke yake, kitabu amekifunga kwenye kanga. Tobias akaitupa baiskeli. Alimshika Josepha mabega, akamgusa uso.

"Shikamoo, baba," alisema Josepha.

Akamweleza walipokuwa wanasukuma baiskeli. Karibu na mbuga alifungua kitabu pale penye alama. Ukurasa ulieleza namna ya kuvuka maji ya mbuga, na tawi lilikuwa limelala juu ya mistari. Bibi yake alimfundisha tangu utoto, wakicheza uani: tawi likikatiza njia, usilivuke. Akamwambia Mabruki asimamishe. Mabruki akacheka, akasema dada, hapo hata maji ya kuosha miguu hayapo. Josepha akateremka na mzigo wake. Mabruki hakuweza kumwacha mwanamke porini, basi akazima injini, akitukana, akawasha moto achemshe chai.

"Chai haijachemka, maji yakaja," alisema Josepha. "Anga lilikuwa jeupe. Yalikuja na miti mizima. Mabruki yuko huko amekaa kwenye lori, haongei. Mimi nikarudi."

"Peke yako?"

Josepha akasita. "Kuna mtu alikuwa mbele yangu njia nzima. Sikumwona. Nilifuata kengele."

Kesho yake Tobias alimsubiri mzee. Alasiri, soko liliposinzia, kengele ililia nje na kivuli kikaingia. Tobias alisimama.

"Babu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia kila mara," alisema mzee. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimwuma Tobias zaidi. "Mimi nafunga, wewe unapitisha watu."

Tobias akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake. Mzee akangoja amalize.

"Sasa nipe kile unachokipenda wewe," alisema.

Ilikuwepo hadithi moja, kitabu kidogo cha jalada la bluu, kuhusu mtu aliyetoka kwao kutafuta chumvi. Tobias alikisoma kila mwaka na alikuwa hajawahi kumpa mtu. Alijua anachoombwa. Mkono wake ulikuwa mzito, lakini alikitoa.

Asubuhi kilikuwa mezani, ncha ya jani ikichungulia baina ya kurasa. Hakukifungua; njia hiyo ilikuwa yake mwenyewe, nayo bado ilikuwa imefungwa. Alikiweka rafu ya juu, jani likitazama chumbani.

Aliendelea kuwatwisha watu vitabu, ila sasa alivifungua kwanza, ukurasa kwa ukurasa, na matawi hakuyaona tena. Mavuno ya kila mwaka alipeleka gunia kwa Imakulata na jingine kwa wazazi wa Damas, bila kueleza. Mtu akimuuliza kitabu bora kuliko vyote ni kipi, alionyesha juu. "Kile. Lakini hicho sikupi."

Josepha, aliyepata kazi ya kufundisha hapo hapo mjini, alipitia chumbani kila asubuhi kabla ya shule. Alimwamkia baba yake, akainua macho kwenye rafu. Kiangazi na masika, jani lilikuwa bichi. Hawakulizungumzia kamwe.

Asubuhi moja alikuta mlango haujafunguliwa. Akafungua kwa ufunguo wake, akainua macho. Jani lilikuwa limekauka, limejikunja, na unga wake umeanguka juu ya vitabu vya chini. Josepha alifunga mlango, akaelekea nyumbani kwa baba yake, akitembea polepole, kwa sababu hapakuwa na haja ya kukimbia.