Gia Boksi ya Nea Firică

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. La, nimekosea, ilikuwa ishirini na tatu, kwa sababu zamu ya usiku ilikuwa imeshafutwa kiwandani na Anghel Dobrotă alikuwa anashinda nyumbani siku mbili tatu kwa wiki, akitazama magari ya majirani.

Huyu Anghel alifunga gia boksi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha magari, pale kwetu Romania, juu kidogo ya mji wa Pitești. Maisha yake yote alinunua magari yaliyokwisha kukaliwa na wengine. Alitaka mara moja tu aketi kwenye kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Na serikali ilikuwa inatoa vocha: peleka gari bovu likasagwe, upate punguzo kubwa la gari jipya la umeme. Sharti ni kwamba hilo bovu liwe kamili, injini na gia boksi ndani.

Gari la marehemu baba yake lilikuwa uani chini ya mizabibu. Gia boksi alishaiuza zamani.

Basi akamwendea nea Firică, yaani kaka Firică, kama tunavyowaita wakubwa wetu, mwenzake wa meza moja ya kazi kiwandani, aliyebakiza miaka miwili astaafu.

"Nea Firică, nataka kulifufua gari la mzee."

Firică alifurahi kama kaalikwa harusi. Kibandani kwake alikuwa na gia boksi aliyoifunga kwa mkono wake. Jumamosi akaja nayo kwenye toroli, akalala matopeni uvunguni mwa gari.

"Nipe spana ya kumi na saba. Kumi na saba, bwana! Umefanya kazi wapi wewe, kwa muuza mikate?"

"Nea Firică, bolti mbili zinatosha, zitashika."

"Mbili? Baba yako angenifufukia!"

Akafunga zote, akajaribu gia moja moja. Bei hakutaka kusikia. Alikunywa glasi moja ya pombe ya plamu, akaenda zake na mgongo umejaa tope. Anghel alibaki na spana mkononi, masikio yakiwaka moto.

Jumatatu bredauni ikaja, ikalivuta gari la mzee. Kule kwenye yadi ya vyuma chakavu mtu alichungulia mara moja, akaweka alama kwenye karatasi, basi.

Gari jipya lilitoka nchi za mbali kwa meli, na gia za kubadilisha halina. Anghel alilificha kwa shemeji yake, akaendelea kupanda basi la kiwanda. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo watu walilalamika: kodi zetu zinanunua magari ya wageni, na oda zetu zinapungua. Sauti ya Anghel ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Mwezi wa tisa ikabandikwa orodha ya wanaopunguzwa. Firică alikuwemo, Anghel hakuwemo. Siku ya mwisho getini, Firică kabeba mfuko wa vitu vyake, akauliza:

"Vipi, gia ya tatu haing'ang'anii?"

"Inaingia yenyewe, nea Firică."

Jumapili moja Anghel na mkewe Mioara walikuwa wanatoka sokoni na gari jipya. Mbele yao, katikati ya barabara nyembamba, Firică anatembea na gunia la pilipili hoho begani. Hakulisikia gari, halina mlio. Anghel akapunguza mwendo, akamfuata hatua kwa hatua.

"Piga honi!" Mioara akasema.

"Siwezi."

"Sasa tutamsindikiza mpaka kwake?"

Firică akageuka mwenyewe. Akalitazama gari, akamtazama Anghel, akagonga paa taratibu kwa vidole.

"Hongera. Ulitumie kwa afya. Na la mzee?"

"Lipo," Anghel akajibu. "Nyumbani."

Firică akasogea pembeni, wakapita.

Majira ya kuchipua, Firică akaenda Hispania kwa binti yake. Anghel alikuwa halali vizuri tangu ile Jumapili, na mwisho akabeba chupa ya asali akaenda kwa Leontina, mke wa Firică, kukiri. Alimkuta uani akifua mazulia. Alisema yote, kichwa chini.

"Maskini wewe," Leontina akasema. "Hayo tunayajua. Mwenye bredauni si mpwa wake Firică? Na nusu ya mtaa huu wamepeleka makopo ya magari yao kule."

"Na hakuniambia neno?"

"Akwambie nini, na wewe ulikuwa unasema inaingia yenyewe?"

Leontina akainama, akamwagia maji zulia, akashika brashi. Anghel akasimama pale na chupa yake ya asali, akauliza, na baadaye akauliza tena kwa simu mpaka Hispania, na hakuna aliyemjibu:

"Nea Firică alijua kabla hajalala kwenye yale matope, au baadaye?"