Nilimwachisha Mjukuu Wangu Dawa ya Kutoa Shaba

Mjukuu wangu aliponiuliza kama aache dawa, jibu lilikuwa moja tu: hapana. Neno fupi, hata mtoto wa chekechea analiweza. Mimi, mzee mzima niliyemaliza kidato cha nne, nikasema, "Acha."

Kosa ni langu. Msimtafute mwingine wa kugawana nami.

Naishi Makote, Newala, kwenye mikorosho yangu. Somoe ni mtoto wa marehemu binti yangu Zainabu. Tumemlea mimi na bibi yake. Alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake haukujua likizo. Kwa utani wetu wa babu na mjukuu aliniita mume wake. "Mume wangu, suruali hiyo umenunua au umeokota?" Majirani walishika mbavu!

Akiwa na miaka ishirini na mbili mikono ilianza kumtetemeka, macho yakawa ya njano. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, shaba imezidi mwilini. Jamani, mimi nilijua shaba ni ya nyaya za umeme! Kumbe sote tunayo kidogo, tunaipata kwenye chakula, na ini hutoa inayozidi. Ini la Somoe halikuweza kuitoa. Ikajazana humo, ikapanda mpaka kwenye ubongo. Akapewa vidonge vya kuivuta itoke kwa mkojo. Daktari akasema atavimeza maisha yake yote, tena asile maini wala korosho, kwa kuwa vina shaba nyingi.

Korosho! Nyumbani kwangu! Niliona nimetukanwa mimi na shamba langu lote.

Baada ya mwaka na kitu Somoe akatengemaa. Alitunga uzi kwenye sindano bila kukosea. Asubuhi moja aliniletea uji shambani, nikiwa nimepumzisha mashine ya kupulizia salfa.

"Babu, nimechoka na vidonge. Vinanitia kichefuchefu. Si nimeshapona? Niache?"

Hapo usomi ukanipanda kichwani. Nikamwonyesha maua ya mkorosho. "Ubwiri unga, ule ukungu mweupe, ukishika hapa tunafanyaje?"

"Tunapuliza salfa."

"Ukungu ukiisha?"

"Tunazima mashine."

"Basi na wewe zima mashine."

Akacheka. "Kumbe mume wangu daktari!" Nami nikavimba kichwa! Siku hiyohiyo nikambangulia korosho kwa mikono yangu hii.

Bibi yake alikataa katakata. "Baba Zainabu, daktari kasema maisha yote."

"Mama Zainabu, wewe umesoma kemia?" Nilithubutu kuuliza hivyo, wakati kemia yenyewe nilipata F!

Miezi ikapita salama, nikawa natamba kijiweni. Kisha kikombe kikamponyoka Somoe. Nikasema amelalia mkono. Maneno yakaanza kuburuzika. Nikasema ni uchovu. Kisha akaanza kutokwa mate. Mke wangu aliita bodaboda akampeleka hospitali bila kuniaga. Nilifuata nyuma kama mzigo uliosahaulika.

Daktari, kijana mdogo, aliniamkia shikamoo. Kisha akauliza, "Mzee, nani alimwachisha dawa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari za salfa. Hakucheka. Afadhali angenicheka!

"Mzee, ukungu wa mkorosho una msimu wake. Huyu shaba inamwingia kila anapokula."

Darasa la sekunde chache, na mimi nilikuwa nimekaa shuleni miaka kumi na moja!

Alianzishiwa dawa upya, kidogo kidogo. Sasa mikono imetulia kiasi cha kushika kijiko. Cherehani tumeifunika kwa kanga.

Ninyi wenye mgonjwa wa dawa za maisha, akiwauliza kama aache, msimjibu. Mrudisheni kwa aliyemwandikia. Akilalamika kichefuchefu, hayo nayo yapelekeni huko huko. Huenda wangembadilishia, mimi sikuuliza. Na kama mkubwa wa nyumba ni mjuaji kama mimi, mpeni shikamoo yake, kisha msimsikilize!

Somoe anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Akitaka kusema, inatoka sauti tu, haina maneno. Imekuwa hivyo mwaka wa tatu sasa. Uamuzi wangu ulichukua usemi wa mjukuu wangu, na daktari ameniambia hautarudi.