Mchoro wa Gitaa Uliofunika Daftari

Gundi ya ngozi ikichemshwa hunuka vibaya, na likizo ya Desemba kabla sijaingia darasa la tano, nyumba yetu ya Wamagana ilinuka hivyo tangu chai ya asubuhi. Baba, aliyekuwa seremala, alikuwa akitengeneza gitaa lake la kwanza. Alianza kwa kulichora, kwa ukubwa wake halisi, kwenye karatasi ndefu ya kaki: umbo, tundu, na mbavu tano, yaani vijiti vinavyogundishwa chini ya ubao wa juu ili usibonyee, kila kimoja kikiwa kimeandikiwa kimo chake. Gitaa lilipokamilika, aliiviringisha karatasi akaiweka juu ya kabati.

Hapo ndipo alipokosea. Shuleni kwetu, daftari isiyofunikwa kwa kaki ilimletea mwenyewe viboko, na shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake. Mama hakuuliza mtu. Alichukua makasi, akaikata karatasi vipande sita, akageuzia mistari ndani, akafunika daftari zangu kwa unadhifu ambao bado unaniudhi. Mimi nilikuwa nimeketi mbele yake, nikimshikia pembe. Mistari niliiona. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa viboko.

Baba alipogundua hakupiga kelele. Alisema mbavu zote zimo kichwani mwake. Michoro iliyofuata aliificha karakanani, mbali na makasi ya mama.

Mwaka huu, miaka mingi baada ya kumzika, nilianza kulikarabati gitaa lake lile la kwanza. Ubao ulikuwa umebonyea, na fundi mmoja wa mjini alikuwa amelifungua mgongo, akang'oa mbavu zote na kuzitupa, akiahidi kutia nyingine. Hakutia. Nimejifunza kazi hii peke yangu, kwa kusoma na kwa kuharibu mbao, na najua kwamba sauti ya gitaa iko kwenye mbavu. Bila vimo vile, lingekuwa gitaa la mtu mwingine. Michoro ya karakana ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikamwendea mama, nikijizuia nisimlaumu, nikamuuliza habari za ile karatasi aliyoikata.

"Sasa ungeenda shule na vitabu uchi?" akajibu, kana kwamba tumekuwa tukibishana tangu siku ile.

Kisha akanielekeza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Daftari zangu zilikuwamo, zimepangwa. Nilizivua kaki moja moja, nikaviunganisha vipande mezani hadi mistari ikakutana. Vilikuwa vitano. Kilichokosekana kilikuwa cha hesabu, nacho ndicho chenye kimo cha ubavu wa tatu.

"Hiyo uliimwagia uji," mama akasema. "Nikaitoa."

Niliuchonga ubavu wa tatu kwa kukisia, nikafunga nyuzi, nikapiga. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema halikuwa likilia hivyo. Nikamuuliza lilikuwa likiliaje.

"Vizuri," akasema.

Siku hizi daftari za binti yangu huvishwa plastiki ya dukani, na michoro yangu huhifadhiwa kwenye simu na mahali pengine pawili. Baba alikuwa na karatasi moja, na ilipokatwa akaendelea na kazi. Mimi nina nakala tatu za mchoro wenye pengo, na mama wa miaka themanini na kitu. Nimeufungua mgongo wa gitaa mara nne, nikaupunguza ubavu kidogo, nikamwita asikilize. Kila mara hutikisa kichwa, akarudi kuchambua maharagwe yake.