Gemu Iliyoachwa Ikiwaka

Juzi mwanangu alikuwa anacheza gemu kwenye simu. Akifa, anafufuka palepale alipoangukia, anaendelea. Wala hana wasiwasi, anatafuna zake karanga. Nikatoka sebuleni maana machozi yalikuwa yananilenga.

Zamani haikuwa hivyo, ndugu yangu. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vya Dubai vikaanza kumwagika Kariakoo, baba alituletea gemu ya kaseti, ya kuchomeka kwenye televisheni. Ulipewa roho tatu tu. Zikiisha, au umeme ukikatika, unarudi mwanzo kabisa. Tukipiga kelele, "Nimebakiwa na roho moja!" bibi alijibu kutoka jikoni, kwenye harufu ya mbaazi za nazi, "Kwani nani kakwambia ulikuwa nazo zaidi?"

Fundi wetu wa gemu hiyo alikuwa kaka yangu. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Mpira hachezi, ngazi za ghorofa letu pale Mchafukoge anazipanda kwa kupumzika. Lakini vidole vyake, acha tu. Siku aliyofika levo ya mwisho, ambayo hakuna mtoto mtaani aliyewahi kuiona, kifua kikambana. Akaisimamisha gemu, baba akambeba kumpeleka hospitali. Mlangoni akasema, "Msizime. Nikirudi namalizia."

Bibi alikuwa mtu wa kuzima taa hata watu wakiwa bado chumbani. Safari hii aliifunika televisheni kwa kanga, akakaa kuilinda, akifukuza watoto wa jirani. Hata baba alikosa taarifa ya habari. Kisha mgao wa umeme ukafika zamu yetu. Feni ikasimama. Bibi akafunua kanga, akakiangalia kioo cheusi, akalia.

Jioni tulimkuta kaka hajiwezi kitandani.

"Bado inawaka?" akauliza.

Bibi, aliyetuchapa kwa uongo mdogo kabisa, akamshika mkono. "Inawaka, baba. Inakusubiri wewe."

Akatabasamu. Hakurudi nyumbani.

Ghorofa lile limebomolewa, bibi naye ametangulia. Watoto wa siku hizi hawaijui hofu ya kupoteza kila kitu mara moja, na pengine ni heri yao. Naambiwa ile gemu yetu sasa ipo hata kwenye simu, roho ni za bure, naweza kuimaliza kwa siku moja. Sitaki. Nikishamaliza, nimwambie nani?