Nusu ya Kichwa cha Shemeji

Ndugu waheshimiwa, simameni kama mmekaa: kinyozi wetu, aliyepewa jina la Redio kwa sababu hazimiki, amepoteza upande wa kushoto wa dunia.

Dalili ilitangulia. Siku moja mdomo ulimwenda upande, kitana kikamponyoka, kisha yote yakapita kabla mteja hajafumbua macho. Redio akacheka. Kumbe hicho kilikuwa kiharusi cha kupita, kinachobisha hodi tu. Kilichofuata hakikubisha.

Daktari alimweleza mkewe kwamba kiharusi huja kwa njia mbili: mshipa wa kichwani huziba, au hupasuka damu ikamwagikia ubongo. Wa Redio uliziba, tena upande wa kulia wa ubongo, unaotawala kushoto kwa mwili. Ndiyo maana mkono wa kushoto ulilegea. Macho yalikuwa mazima, ila ubongo uliacha kujishughulisha na chochote kilichokaa kushoto. Alikula nusu ya sahani, akalalamika kapunjwa.

"Ungeziba upande wa pili," daktari akasema, "huenda angepoteza kusema."

Wateja wengine, Mungu awasamehe, walisikitika kidogo.

Mkono ulipopata nguvu, Redio akadai kibanda chake. Mkewe akakumbatia funguo.

"Nyoa kwanza kichwa kimoja kizima, baba watoto. La sivyo, tutauza kiti."

Kaka wa mke akajitolea. Redio akanyoa, akapuliza nywele, akakung'uta shuka. "Tayari, shemeji."

Kulia paling'aa. Kushoto msitu ulisimama vilevile.

Shemeji akajitazama kwenye kioo. "Hapa nimenyolewa, au nimegawanywa kama mirathi?"

Redio alidhani wanamtania. Mkewe akauchukua mkono wake, akauweka msituni. Vidole vikapapasa, vikasimama. Redio akazima.

Shemeji akashinda na kofia mpaka mtaalamu wa mazoezi alipowapa mbinu. Shemeji akakalia kiti tena, mke akafunga utepe mwekundu kwenye mkono wa kushoto wa kiti. "Usiseme tayari kabla hujauona."

Redio akageuza shingo. Hakuna utepe. Akageuza tena, polepole, kama anayefungua mlango wenye kutu, mpaka wekundu ukajitokeza. Mashine ikafuata macho, msitu ukaanguka.

Mke akaweka funguo mezani. Shemeji akainuka, shuka shingoni, akakohoa kama mgeni rasmi.

"Leo tumeshuhudia ubongo wa mwanadamu ukiinuka kutoka kwenye magofu yake, na sisi tuliobahatika kuwepo…"

"Kaa chini, shemeji," Redio akasema. "Kidevu bado."